Waranti ya Spika za Mtumba: Je, Humhamia Mnunuzi?



Ndugu zangu, tuchukue mfano wa Kafutuma, hapa ufukweni mwa Ziwa Mweru. Mtu anauza amplifaya na spika za bei kubwa alizonunua Lusaka. Anasema: "Zina waranti ya miaka miwili, umebaki mwaka mzima." Kwa neno hilo mnunuzi anaongeza kwacha. Je, amenunua nini?

Waranti ni ahadi ya kiwanda, na viwanda vingi huifunga kwa mnunuzi wa kwanza aliyenunua kwa wakala wao. Klipsch wameandika kwamba spika ikiuzwa kwa mtu mwingine, waranti inakoma hapo hapo. Wengine hutazama pia nchi iliponunuliwa, basi mzigo uliovuka kutoka Pweto una shaka maradufu. Risiti peke yake haitoshi. Soma karatasi ya waranti kabla ya kutoa pesa.

Kifiqhi, mwaka ule uliotajwa ni sifa iliyoshurutishwa katika mauzo. Ikikosekana, mnunuzi ana khiyari ya kurudisha, hata kama muuzaji hakukusudia kudanganya.

Mas-ala magumu ni ya kasoro iliyofichika. Muuzaji husema, "Nakuuzia kama kilivyo," akidhani amejitoa. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi. Uthman bin Affan akamtaka Ibn Umar aape kwamba hakuijua aibu ile. Akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa, kisha akamuuza kwa 1,500.

Wanazuoni walitofautiana baada ya hapo. Mahanafi hulikubali sharti hilo. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi hulikubali kwa mnyama tu, katika aibu ya ndani asiyoijua muuzaji. Amplifaya si mnyama! Kwa hiyo koili iliyoungua kabla ya makabidhiano inabaki shingoni mwa muuzaji. (Sheria ya Zambia ya mwaka 2010 ya kulinda walaji nayo inakataza maduka kubandika matangazo ya kujivua dhima.)

Lakini Mashafi wanataka urudishe mara tu unapoiona kasoro. Ukiendelea kupiga kaswida wiki nzima, haki imepita. Na usimwite fundi wa mtaani afungue kwanza: akiharibu kingine, huwezi tena kumlazimisha muuzaji apokee, mtabaki kujadiliana fidia.