Kila mtu ana kozi yake

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nyumbani wanataka udaktari, mimi nasita. Nikipanda basi namuuliza jirani yangu, na kila mmoja ana lake. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, kuuliza si kosa, ila swali lako ni pana mno. "Nisome nini?" humpa mtu nafasi ya kukusimulia ndoto zake. Ukikutana na muuguzi, muulize zamu ya usiku ikoje na ajira aliisubiri muda gani. Hapo mgeni atakufaa kuliko mjomba, ambaye ameshautangazia ukoo mzima kwamba wewe ni daktari. Sifa za kujiunga zisome mwenyewe kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka huu. Na anayejitolea "kukuombea" chuo, usimpe namba yako ya mtihani.