Kumpiga Picha Ndege wa Nyumbani Bila ya Kumuudhi

Mkazi wa Kwaluguru, na wa vijiji vyote vya Handeni na Korogwe, hana haja ya kupanda milima ya Usambara ili apate ndege wa kumpiga picha, kwani shorewanda yumo mwembeni, chozi yumo katika maua ya mgomba, na mnana amekwisha kutundika viota vyake mkabala na baraza; linalotakiwa ni simu au kamera iliyopo, pamoja na subira, na katika mawili hayo subira ndiyo iliyo adimu.

Mtazame mnana dume wakati wa mvua. Huchana ukanda mwembamba wa jani la muhindi, akaufuma kwa mdomo mpaka kiota kikamilike, kisha hujining'iniza mlangoni, kichwa chini, akipigapiga mbawa ili amwite jike. Na kiota kikikataliwa hata majani yake yakapoteza ubichi, yule dume hukifumua mwenyewe akaanza upya. Picha ya kazi hiyo yashinda kwa mbali picha ya ndege aliyetua tu tawini. Aghalabu hupatikana baina ya mapambazuko na saa tatu asubuhi, au baada ya alasiri, nuru ikiwa laini. Adhuhuri jua huwa utosini, na jicho la ndege hufichwa na kivuli. Jifiche nyuma ya pazia la dirisha, jua likiwa mgongoni mwako. Na kamera yenye kurekebishwa iwekwe kwenye kasi ya 1/1000 ya sekunde, mbawa zisitoke ukungu.

Amma kiota chenye mayai au makinda, hapo ndipo penye hatari. Mpiga picha hukata jani moja lililomzuia, asijue kwamba ndilo lililokuwa sitara ya makinda dhidi ya jua na mwewe. Mzazi akisita na chakula mdomoni, au akilia pasipo kukoma, umekaribia mno: ondoka hima. Bundi usimmulike kwa flashi, wala asiuawe kwa dhana ya uchawi, maana ni mla panya. Kumnasa ndege na kumfunga uzi mguuni ili apigwe picha ni dhuluma, tena ni kosa: kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Atakaye ndege wamkaribie na aweke maji katika chombo kipana, kina kisichozidi urefu wa kidole, karibu na kichaka wapate pa kukimbilia. Kila picha iandikiwe tarehe na jina la kijiji, ili imfae na mtafiti. Nasi twawasihi wazazi: mwazimeni mtoto simu hiyo, mumwombe manati aiweke chini.