Mifuko ya taya inayofanana: pa kuanzia uchunguzi

Taya limevimba polepole, haliumi, na eksirei inaonyesha doa jeusi la mviringo lenye ukingo mweupe. Kwa tabibu wa meno aliyeko Bariadi, doa hilo laweza kuwa mfuko wa maji wa mzizi wa jino bovu, mfuko wa jino lililokwama, keratosisti (mfuko wenye uji mzito mweupe), au ameloblastoma, uvimbe unaokula mfupa. Matibabu yake hayafanani hata kidogo, kwa hiyo usikate shauri kwa picha peke yake.

Anza na jino. Ligusishe barafu, kisha gusisha jino kama hilo upande wa pili ulinganishe. Jino likihisi baridi sawasawa, usiling'oe, kwani mfuko wa mzizi huota kwenye jino lililokufa. Mfuko wa jino lililokwama hushika shingo ya jino na kuzunguka kichwa chake, mara nyingi gego la mwisho la chini. Keratosisti hutambaa ndani ya mfupa huku shavu likibadilika kidogo tu. Ameloblastoma husukuma mfupa nje na mara nyingi hula mizizi ya meno.

Kisha choma ganzi, uvute kwa sindano nene. Majimaji ya manjano yanayometameta ni dalili ya mfuko. Uji mzito mweupe, keratosisti. Sindano ikitoka kavu, huenda ni uvimbe mgumu. Ikija damu tupu kwa nguvu, usichane wala using'oe jino: mpe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza.

Mtoto ambaye taya lake limefura kwa siku chache na meno yanalegea, asingoje hata wiki. Hiyo yaweza kuwa saratani ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958. Huitikia vizuri dawa za saratani zikianza mapema.

Jibu la mwisho hutoka maabara ya patholojia. Peleka ukuta wote wa mfuko, hasa penye kinundu kwa ndani, maana ameloblastoma hujificha hapo. Tumia fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama. Si maji, si spiriti. Andika umri, upande na namba ya jino, uambatanishe picha. Chukua pia simu ya ndugu, kwani majibu yanaweza kumkuta mgonjwa shambani msimu wa pamba. Ikithibitika keratosisti, mpangie eksirei kila mwaka kwa miaka isiyopungua 5, kwa sababu hupenda kurudi.