Maonyesho ya Amani Yakija Kwenu: Kijitabu kwa Wenyeji

Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, eneo la Gisozi, yalifunguliwa mwaka 2004, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mwanafunzi wa Kigali hufika kwa nauli ndogo. Wa wilaya za mbali kama Rusizi au Nyagatare anahitaji siku nzima na mtu wa kumpeleka. Ndiyo maana shirika la Aegis Trust, linaloyaendesha makumbusho hayo, liliandaa maonyesho yanayosafiri: mabango ya picha na maelezo pamoja na shuhuda za walionusurika na za waliowaficha wenzao. Waelimishaji huketi na kuzungumza na walimu, vijana na viongozi wa wilaya. Mwaka 2016 elimu ya amani iliingia rasmi katika mtaala mpya wa shule za Rwanda.

Kijitabu hiki ni kwa yeyote katika Afrika Mashariki anayetaka kupokea au kuandaa maonyesho ya aina hiyo.

Anzeni na kitambulisho

Wageni wengi hukimbilia picha za maiti. Msiwaanzishie huko, mtu akishtuka sana hafikiri tena. Waonyesheni kwanza kitambulisho cha Rwanda cha kabla ya 1994. Ndani yake palikuwa na mstari mmoja wenye majina: Mhutu, Mtutsi, Mtwa, aliyepewa uraia. Karani alikata kwa kalamu yasiyomhusu mwenye kadi, likabaki moja. Utaratibu huo uliletwa na watawala wa Kibelgiji miaka ya 1930, na serikali za baada ya uhuru zikauendeleza. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari huo ulitosha kuamua nani apite na nani auawe.

Kisha redio. Kituo cha RTLM cha Rwanda kilianza kurusha matangazo Julai 1993. Kilipiga muziki uliopendwa na vijana, watangazaji wakapiga soga na kuchekesha, na humohumo kwenye mzaha Watutsi wakaitwa mende. Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilipotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, redio ileile ikawa inasoma majina ya watu na mahali walipojificha. Katika siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa redio hiyo, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao hadi miaka 30, 32 na 35.

Msiwaache wageni na giza tupu. Wasimulieni habari za Zura Karuhimbi, mama mzee wa kijijini aliyewaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake. Hakuwa na silaha. Alijipaka majani yanayowasha, akawagusa wauaji waliofika mlangoni, akatikisa vikuku vyake na kuwatishia ghadhabu ya mizimu. Wakakimbia. Mwaka 2006 alipewa nishani ya taifa.

Shughuli yenyewe ni mazungumzo

Mtu akiyapita mabango kama apitavyo vibanda vya mitumba, amepoteza muda wake. Tengeni saa nzima ya kuzungumza, watu wachache wachache. Shirika la Anne Frank House la Amsterdam huwafunza wanafunzi wawaongoze wenzao kwenye maonyesho yake yanayosafiri. Igeni hilo, kwa kuwa kijana humuuliza kijana mwenzake swali ambalo hatamuuliza mwalimu. Mgeni rasmi apewe dakika tano. Watu hawakuja kumsikiliza yeye.

Aliyenusurika asishinikizwe kusimulia. Awepo mshauri nasaha, na pawepo chumba cha pembeni kwa atakayezidiwa. Watoto wadogo wasipelekwe penye picha za vifo.

Swali la kuulizana lisiwe “Wanyarwanda walikosea wapi?” Hilo ni rahisi mno, na linamwacha kila mtu arudi nyumbani akiwa safi. Ulizaneni ni utani gani hapa kwetu umekwisha kuvuka mpaka: kuhusu kabila jirani, wa dini nyingine, wakimbizi, watu wenye ualbino. Nchini Kenya, kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha “madoadoa”, neno la kuwaita watu wa kabila jingine wasiotakiwa mahali, miongoni mwa maneno ya chuki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 humtoza mchochezi wa chuki za kikabila faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Ukipokea ujumbe wa namna hiyo kwenye simu, usiusambaze, hata kwa nia ya kuulaani. Uhifadhi, mwonye aliyekutumia ikiwa ni mtu unayemfahamu, na kama ujumbe unataja watu au mahali pa kushambuliwa, upeleke polisi siku hiyohiyo.