Zidi, Zidisha na Mara: Kiswahili cha Mafumbo ya Aljebra kwa Watahiniwa wa Kasulu na Kibondo

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza jambo ambalo wanaisimu tumewaachia walimu wa hisabati, nao walimu wa hisabati wametuachia sisi: lugha ya mafumbo ya aljebra. Kwa neno "fumbo" tunakusudia swali la hesabu lililoelezwa kwa maneno, ambalo mtahiniwa hana budi kuligeuza kuwa mlinganyo kabla ya kulikokotoa. Hoja yetu ni kwamba baadhi ya makosa yanayohesabiwa kuwa ya hisabati ni ya kisarufi, na kwamba yanaweza kuelezwa kwa zana zetu za kawaida: mnyambuliko, upatanisho wa kisarufi na mpangilio wa maneno.

Tumechagua nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, kwa kuwa huko hatua za lugha huonekana wazi. Mtoto hukua na Kiha, lugha ambayo Guthrie aliiweka katika kundi la D60 pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Katika shule ya msingi ya serikali husoma hisabati kwa Kiswahili, na akifika sekondari husoma hisabati hiyohiyo kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Basi kijana anayeutazamia mlango wa chuo, kiwe Chuo cha Ualimu Kasulu, Kabanga au kingine cha mbali, hulisoma fumbo kwa lugha ya tatu, aghalabu hulifikiri kwa lugha ya pili, kisha huandika kwa alama ambazo si za lugha yoyote. Mifano yote inayofuata tumeitunga wenyewe.

2.0 Zidi na zidisha

Kiini cha tatizo ni mzizi mmoja. Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu zidi, zaidi na ziada, maneno yenye asili moja inayohusu ongezeko. Kutokana na zidi tumenyambua zidisha, na hesabu za shuleni zikaliteua neno hilo kuwa istilahi. Linganisha:

(1) a. Namba A inazidi namba B kwa 3.
    b. Namba A imepatikana kwa kuzidisha namba B kwa 3.

Sentensi (1a) hutoa A = B + 3; sentensi (1b) hutoa A = 3B. Kinachotenganisha jumla na zao ni kiambishi kimoja cha usababishi, -ish-, pamoja na "kwa 3" isiyobadilika katika sentensi zote mbili. Nje ya darasa, kuzidisha ni kuongeza tu: watu huzidisha juhudi, huzidisha chumvi. Istilahi imebana maana hiyo bila kumwarifu msemaji, na hata imeigeuza kichwa chini, kwani mwanafunzi hufundishwa kwamba 10 ikizidishwa kwa nusu hubaki 5. Hatuoni ajabu mtahiniwa akiona "inazidi" na mkono ukaenda kwenye alama ya kuzidisha.

Lugha za kundi la Kiha hazimwokoi. Kirundi na Kinyarwanda hulinganisha kwa kitenzi -ruta, ambacho husema kwamba kitu kimekipita kingine lakini, chenyewe, hakisemi kama kimepita kwa tofauti au kwa uwiano. Kiswahili nacho kina njia hiyo ya Kibantu (kupita, kushinda) sambamba na kuliko. Aljebra ndiyo inayodai kijulikane kilichopita kwa namna gani.

3.0 Mara mbili zaidi ya

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mtahiniwa anapoweza kupoteza alama pasipo kosa lake.

(2) Mfanyabiashara wa Kibondo ana magunia 60 ya mahindi na maharage. Magunia ya mahindi ni mara mbili zaidi ya yale ya maharage. Ana magunia mangapi ya kila aina?

Tuchukue x kuwa idadi ya magunia ya maharage. Msomaji wa kwanza huona "zaidi ya" kama pambo tu. Kwake mahindi ni 2x. Kwa hiyo x + 2x = 60, x = 20, na mahindi ni magunia 40. Msomaji wa pili huona kwamba kilicho "zaidi" ndicho kilicho mara mbili: mahindi ni x, na juu yake 2x nyingine, yaani 3x. Kwa hiyo x + 3x = 60, x = 15, na mahindi ni 45. Majibu yote mawili ni namba kamili, yote yanatimiza jumla ya 60, na hakuna gunia lililokatwa vipande la kumshtua mkokotoaji. Sarufi haiwezi kuamua. Utata huohuo umo katika "imeongezeka mara mbili".

Wako watakaosema kwamba matumizi yameshaamua na kwamba kila mtu huelewa 2x. Huenda ndivyo sokoni, ambako muuzaji na mnunuzi huyaona magunia. Katika chumba cha mtihani hakuna gunia. Mtunzi akitaka 2x aandike "mara mbili ya". Akitaka 3x aandike "mara tatu ya". Neno "zaidi" liachiwe tofauti, kama katika "magunia 15 zaidi ya".

4.0 Upatanisho unaposaidia na unaposhindwa

Si haki kuishitaki lugha bila kuisifu. Ngeli zetu hufanya kazi ambayo lugha nyingi hazina chombo cha kuifanya:

(3) a. thamani ya madebe iliyopungua
    b. thamani ya madebe yaliyopungua

Katika (3a) bei imeshuka na madebe yako palepale. Katika (3b) madebe yenyewe yamepotea, na tunatafuta thamani ya hayo yaliyokosekana. Milinganyo yake ni tofauti kabisa, na tofauti imebebwa na i- na ya-. Mwalimu anayewafundisha watahiniwa kupigia mstari viambishi hivi huwafundisha aljebra. Lakini nomino zote mbili zikiwa za ngeli moja, kama katika "bei ya nguo iliyopungua", msaada huo hutoweka. Mafumbo ya umri, yenye watu wawili wa ngeli ya a-/wa-, ndiyo yenye hatari zaidi:

(4) Kiza amemzidi Bahati miaka 6. Baada ya miaka 4 atakuwa na umri ulio mara mbili ya umri wa mwenzake.

Nani "atakuwa"? Umri wa Bahati sasa ukiwa b, wa Kiza ni b + 6. Tukimchukua Kiza, b + 10 = 2(b + 4), hivyo b = 2, na Kiza ana miaka 8. Tukimchukua Bahati, b + 4 = 2(b + 10), hivyo b = –16, jambo lisilowezekana. Safari hii hesabu imeisahihisha sarufi, kinyume na (2). Kwa hiyo kurudisha jibu ndani ya maneno ya swali ni njia ya kujua umesoma kiwakilishi ipasavyo.

5.0 Madebe sita, 6M

Miaka ya mwanzo ya 1980 John Clement na wenzake huko Massachusetts, Marekani, waliwapa wanafunzi wa uhandisi sentensi inayosema kwamba wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na kosa lililozoeleka lilikuwa kupindua: 6S = P badala ya S = 6P. Tuihamishie Kasulu:

(5) Kila gunia lina madebe sita. M ni idadi ya madebe, G ni idadi ya magunia.

Jibu ni M = 6G. Anayeandika 6M = G amesoma 6M kama "madebe sita", yaani ameichukua herufi kuwa kifupisho cha jina la kitu, wala si idadi. Mpangilio wa maneno unastahili kuangaliwa. Kiingereza hutanguliza namba, hivyo "6M" huingia mdomoni kama kirai halali. Kiswahili, sawa na lugha za Kibantu jirani zake, hutanguliza nomino. Kirai chetu kingeandikwa M6. Kwa kukisia, anayefikiri kwa Kiswahili hana kishawishi hicho mpaka afundishwe kukisoma kirai kwa Kiingereza. Dai hili linahitaji kupimwa darasani, na tunalipendekeza kwa mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada.

Wakati huohuo walimu wanaweza kuchelewesha herufi. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 ndicho kilichoipa aljebra jina, aliandika milinganyo yake yote kwa maneno, na kisichojulikana alikiita "kitu". Mtahiniwa naye aandike kwanza "idadi ya madebe inalingana na mara sita ya idadi ya magunia". Kitenzi kiwe lingana, si "ni" wala "jibu lake ni". Kiambishi -an- cha kutendana hubeba ndani yake kile ambacho alama ya = inadai: pande mbili zinazoweza kubadilishana nafasi. Herufi zifuate baada ya sentensi hiyo kusomwa kutoka kushoto na kutoka kulia, nayo ikabaki kweli.