Namna Ndege Inavyoongozwa Angani: Somo kwa Nyanda za Njombe na Makambako

Lori linalobeba mbao au viazi kutoka Njombe kwenda Makambako huongozwa na magurudumu yake ya mbele. Dereva akizungusha usukani, magurudumu huelekea upande autakao, na msuguano kati ya mpira na barabara hulilazimisha lori zima kufuata. Ndege iliyo angani haina barabara ya kuishika. Haiguswi na kitu chochote isipokuwa hewa. Je, rubani anapotaka kupanda, kushuka au kugeuka, huitegemeza ndege yake juu ya nini?

Kujibu swali hilo ndiyo shabaha ya makala haya. Tutaona kwamba rubani haisukumi ndege kwa nguvu zake. Yeye hubadili kidogo tu umbo la bawa au la mkia, na hewa inayopita ndiyo inayofanya kazi iliyobaki. Hivyo uwezo wa rubani hauwezi kuzidi uwezo wa hewa aliyonayo. Kwa wakazi wa nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi na upepo ni mwingi, jambo hili lina maana ya pekee.

Mihimili mitatu

Shika daftari lako mbele yako kana kwamba ni ndege, ubavu wake mmoja ukiwa ndio pua. Waweza kuinua na kuinamisha pua. Waweza pia kulilaza daftari upande wa kushoto au wa kulia. Tena waweza kuigeuza pua kushoto au kulia huku daftari likibaki limelala sawa. Hakuna namna ya nne. Kila mzunguko wa ndege ni mchanganyiko wa hiyo mitatu, na kila mmoja una mhimili wake unaopita katika kitovu cha uzito wa ndege.

Orville na Wilbur Wright, walioruka kwa injini karibu na Kitty Hawk, Marekani, tarehe 17 Desemba 1903, walifanikiwa kwa sababu walitambua kwamba mihimili yote mitatu haina budi kutawaliwa na rubani mwenyewe. Wao walizinyonga ncha za mabawa kwa waya. Ndege za siku hizi hutumia vipande vinavyocheza juu ya bawaba, kama mlango, navyo ni vya aina tatu.

Cha kwanza ni elevata, iliyo nyuma ya bawa dogo la mkia. Rubani akivuta fimbo ya kuongozea kuelekea kifuani, elevata huinuka. Hewa inayoigonga huusukuma mkia chini, na pua hupanda. Akiisukuma fimbo mbele, mambo huwa kinyume chake.

Cha pili ni eleroni, moja karibu na ncha ya kila bawa. Eleroni hizi hucheza kwa kupishana. Ili ndege ilale kushoto, eleroni ya kushoto huinuka na kupunguza kani ya kuinua upande huo, na ya kulia hushuka na kuiongeza. Ndege ikishalala, sehemu ya kani ya mabawa huelekea kushoto, nayo ndiyo inayoigeuza njia ya ndege. Kwa hiyo ndege hugeuka kwa kulala, kama mwendesha baiskeli katika kona.

Cha tatu ni usukani wa mkia, unaosimama wima na kufanya kazi ileile ya usukani wa jahazi. Rubani huucheza kwa pedali za miguuni. Wanafunzi wengi hudhani huu ndio unaoigeuza ndege. La hasha. Kazi yake kubwa ni kuinyoosha pua. Eleroni inayoshuka huongeza kani ya kuinua, lakini huongeza pia ukinzani wa hewa, hata pua huvutwa kuelekea upande usiotakiwa. Usukani husahihisha kosa hilo.

Twaweza sasa kueleza kwa nini vipande vidogo kama hivi huweza kuzungusha chombo kikubwa. Ni kanuni ya wenzo. Elevata na usukani viko mbali na kitovu cha uzito, na eleroni ziko mbali na katikati ya ndege. Kani ya nyutoni 400 mkiani, mita 5 kutoka kitovu cha uzito, hutoa momenti ya nyutoni-mita 2,000.

Kutoka mkononi hadi bawani

Katika ndege ndogo, kama Cessna 208 Caravan inayojulikana sana katika viwanja vidogo vya Tanzania, mkono wa rubani umeunganishwa na vipande hivyo kwa nyaya za chuma zinazopita juu ya makapi. Kwa hiyo rubani huisikia hewa mikononi mwake: mwendo ukiongezeka fimbo huwa nzito, ukipungua fimbo hulegea.

Ndege ikiwa kubwa, mkono wa binadamu hautoshi. Katika ndege za Q400, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016, eleroni bado huvutwa kwa nyaya, lakini elevata na usukani husukumwa na haidroliki, yaani mafuta yaliyoshindiliwa kwa kanieneo kubwa ndani ya mirija. Katika Airbus A220-300, ambayo shirika hilo liliipokea kwa mara ya kwanza Desemba 2018, hakuna waya wa kuvuta kutoka kwa rubani hadi bawani. Fimbo yake hutuma ishara za umeme kwa kompyuta, na kompyuta huiamuru haidroliki. Hata hivyo, njia yoyote itumikayo, mwisho wake ni uleule: kipande kinacheza juu ya bawaba, na hewa inaamua.

Hewa ya Njombe

Kani inayopatikana kwenye kila kipande hutegemea eneo lake, pembe yake, na kanieneo ya mwendo wa hewa. Kanieneo hii huandikwa hivi:

q = ½ d v²

ambapo d ni densiti ya hewa na v ni kasi ya ndege katika hewa hiyo.

Tuchukue siku ya nyuzi 28 za Selsiasi Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari. Densiti ya hewa huwa kilo 1.17 hivi kwa mita ya ujazo. Njombe, katika kimo kipatacho mita 1,950 na siku ya nyuzi 15, densiti ni kilo 0.97 hivi. Ndege inayokaribia kutua Dar es Salaam kwa mita 40 kwa sekunde ina q ya nyutoni 936 kwa mita ya mraba. Kwa kasi hiyohiyo juu ya Njombe, q ni 776 tu. Mabawa hayainui vya kutosha, wala usukani hautii kama ulivyozoeleka.

Ili kupata tena 936, v haina budi kufikia mita 44 kwa sekunde. Jambo la kuvutia ni kwamba kipimo cha mwendo kilicho mbele ya rubani hakionyeshi tofauti yoyote. Kipimo hicho hupokea hewa kwa mrija wa Pitot, na hakika yake hupima q, si kasi juu ya ardhi. Mshale husimama palepale uliposimama Dar es Salaam, na fimbo huwa na uzito uleule. Lakini ardhi inapita chini kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 10. Na kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi, breki zina kazi iliyozidi kwa asilimia 21, na ndege huhitaji urefu mkubwa zaidi wa kiwanja ili isimame. Rubani anayeyaamini macho yake na kupunguza mwendo kwa kuona ardhi inakimbia, anajinyima q yake mwenyewe karibu kabisa na ardhi.

Upepo wa Makambako

Kilometa zipatazo 60 kutoka Njombe, Makambako inajulikana kwa upepo wake. Vipimo vilivyochukuliwa kwa ajili ya utafiti wa umeme wa upepo vilionyesha wastani wa mita 8.9 kwa sekunde katika kimo cha mita 30. Hiyo ni kama kilometa 32 kwa saa.

Ndege yetu ya mita 44 kwa sekunde ikipigwa ubavuni na upepo wa namna hiyo, pua yake lazima ielekezwe nyuzi 12 hivi upande unakotoka upepo ili njia yake ibaki nyoofu. Lakini magurudumu hayawezi kugusa ardhi yakiwa yamekaa mshazari. Kwa hiyo, muda mfupi kabla ya kugusa, rubani hutumia usukani kuinyoosha pua sambamba na kiwanja, na wakati huohuo hutumia eleroni kulilaza kidogo bawa la upande wa upepo ili ndege isisukumwe kando. Hapo ndipo mwanafunzi aliye nje ya uzio huona gurudumu moja likitangulia kugusa. Si uzembe wa rubani, ndivyo itakiwavyo.

Angalia ugumu wa saa hiyo. Ndege imepunguza mwendo, basi q ni ndogo na vipande vyote vimedhoofu. Upepo nao haukupungua kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo kila aina ya ndege huwa na kiwango cha upepo wa ubavuni ambacho rubani mwenye busara havuki. Akikikuta kimezidi, huenda kutua kwingine, hata kama abiria watanung'unika.

Vipande vinaposhindana

Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX 8 iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka, na watu wote 157 waliokuwamo wakafa. Miezi minne hivi kabla yake, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189.

Fizikia ya msiba huo ni ileile tuliyojifunza. Katika ndege hiyo, bawa lote dogo la mkia huweza kuinamishwa kwa mota ya umeme, na elevata ni sehemu tu ya nyuma yake. Kipimo kimoja cha pembe ya ndege dhidi ya hewa kilitoa habari za uongo. Programu ya kompyuta iliyoitwa MCAS, ikiamini kwamba pua imepanda mno, iliiamuru mota iliinamishe bawa la mkia ili pua ishuke. Marubani walivuta fimbo, lakini eneo la elevata ni dogo kuliko eneo la bawa zima, na eneo kubwa likashinda. Walipokata umeme na kujaribu gurudumu la mkono, mwendo ulikuwa umekuwa mkubwa, q imekua kwa mraba, na bawa halikusogea kwa nguvu za mikono.

Ndege za aina hiyo zilisimamishwa duniani kote. Marekani iliziruhusu tena Novemba 2020, baada ya programu kubadilishwa ili ilinganishe vipimo viwili badala ya kutegemea kimoja. Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9 Oktoba 2023. Kwa hiyo mambo haya yanawahusu wasafiri wetu pia.

Jaribio la darasani

Shule za Makambako zina maabara ya bure nje ya dirisha. Chukua kadibodi ya nusu mita ya mraba na uishike ikiukabili upepo. Katika upepo wa mita 8.9 kwa sekunde, q ni nyutoni 40 hivi kwa mita ya mraba, nawe utasikia kani ya nyutoni 20 au zaidi kidogo, kama uzito wa kilo mbili za unga. Sasa ilaze kadibodi hadi ifuate upepo, kisha uinue ukingo wake wa nyuma kidogo kidogo. Mkono wako utakuonyesha jinsi pembe ndogo inavyozaa kani kubwa.

Maswali

1. Ndege iko juu ya Makambako kwa mita 40 kwa sekunde, na densiti ni kilo 1.0 kwa mita ya ujazo. Je, q yake ni mara ngapi ya ile ya upepo wa mita 8.9 kwa sekunde?

2. Rubani anataka ndege ilale kulia. Eleroni ipi huinuka, na usukani utumike upande gani? Eleza sababu.

3. Kwa nini asubuhi ya baridi ya Julai huwafaa marubani wanaotua Njombe kuliko alasiri ya joto ya Novemba?