Donda la mguu lisilopona linataka kubanwa

Wako watu wengi mijini wanaovaa suruali ndefu au leso hadi chini ili kuficha donda lililo juu kidogo ya kifundo cha mguu, mara nyingi upande wa ndani. Limekaa miezi, pengine miaka. Limepakwa iodini, limenyunyiziwa unga wa kapsuli, likaanza kufunga, kisha likafumuka tena. Wazee huliita donda ndugu, na jirani hakosi kunong'ona kwamba mwenyewe amerogwa.

Uchawi haumo. Damu iliyofika mguuni hurudi moyoni kwa mishipa iitwayo vena. Ndani yake mna vilango vidogo vinavyoizuia isiteremke, na msuli wa shavu la mguu huisukuma juu kila unapopiga hatua. Vilango vikiharibika, kwa sababu ya mimba nyingi, unene, damu iliyowahi kuganda mguuni, au kazi ya kusimama kutwa kama ya mwalimu na kinyozi, damu hutuama. Jioni mguu huvimba. Baadaye ngozi huzidi weusi, huwa ngumu na kuwasha. Hapo hata mkwaruzo mdogo hugeuka donda.

Ndiyo sababu dawa za kupaka pekee hazitoshi. Mguu wenyewe unahitaji kubanwa kwa bandeji au kwa soksi maalum zinazokaza zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda gotini. Soksi za kawaida zenye mpira juu hazifai kabisa; hizo hukaza mahali pasipotakiwa.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2014 ulilinganisha soksi za tabaka mbili na bandeji za tabaka nne kwa wagonjwa 457. Nusu ya waliovaa soksi walikuwa wamepona kufikia siku 99, na wa bandeji siku 98. Lakini donda liliwarudia wachache zaidi miongoni mwa wa soksi. Ona basi: zaidi ya miezi mitatu. Anayetarajia kupona kwa wiki mbili atavunjika moyo bure.

Usikimbilie duka la dawa kabla ya kupimwa. Daktari hulinganisha presha ya damu ya kifundoni na ya mkononi. Ikiwa ya kifundoni ni chini ya asilimia 80 ya ile ya mkononi, mishipa inayoleta damu imeziba kiasi, na kuubana mguu huo kwa nguvu kwaweza kuuharibu. Wenye kisukari na wavutaji sigara wajihadhari zaidi. Tena, vidonda vya ugonjwa wa selimundu hutokea papo hapo kifundoni na huhitaji matibabu yake.

Vaa soksi asubuhi, kabla mguu haujavimba. Kuzivuta ni kazi; glavu za mpira za jikoni husaidia sana. Usiache mkunjo wala usikunje ukingo wa juu. Daktari akikubali, zivue usiku, uzifue kwa mkono na kuzianika kivulini. Baada ya miezi mitatu hadi sita hulegea, hivyo nunua nyingine. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au maumivu yakizidi, vua mara moja urudi kliniki.

Na donda likishafunga, usizitupe. Vile vilango bado ni vibovu, na wanaoacha soksi ndio hasa wanaorudi na donda pale pale.